Kunyoosha Uso wa Benchi la Useremala: Mwongozo Kamili kwa Fundi wa Tabora

Mlango unagoma kukaa kwenye fremu. Droo inacheza pembe moja. Ubao umeupiga randa mpaka ukaridhika, lakini ukiufungua kwenye jiriwa, kile kibano cha benchi, unarudi kujikunja. Fundi hulaumu mbao, kisha randa, kisha kijana anayemsaidia. Benchi halilaumiwi, na mara nyingi ndilo lenye kosa.

Ukilaza ubao mwembamba juu ya benchi lenye bonde katikati, uzito wa mikono yako unaubonyeza uzame ndani ya bonde hilo. Kisu cha randa kinapita juu yake bila kula cha maana, nawe ukiondoa mkono ubao unainuka ukiwa na mgongo. Benchi lenye mwinuko hufanya kinyume chake: ubao unapepesuka ncha zote mbili, katikati inaliwa kupita kiasi. Kwa vyovyote vile ubao unarithi sura ya kitu ulicholalia.

Benchi ninalolizungumzia hapa ni lile la kawaida la mafundi wetu: urefu wa mita mbili au mbili na nusu, upana sentimita 60 hivi, mbao tatu au nne za 2x8 (inchi 2 kwa 8) zimelazwa juu ya fremu na kupigiliwa misumari ya inchi nne. Limekaa kwenye kibanda cha bati kule Ng'ambo, Isevya au Ipuli, au chini ya mwembe. Mbao zake ni mninga au mkora zilizotoka upande wa Sikonge, Urambo au Kaliua. Wapo wanaotumia mtundu kwa sababu ya bei, na hao ndio watakaousoma mwongozo huu mara nyingi zaidi, kwa kuwa mtundu ukikauka hupinda na kupasuka kuliko mninga.

Chagua majira kabla hujachagua randa

Mvua za Tabora huanza karibu na Novemba na kuisha Aprili, kisha ukame unashika mpaka Oktoba. Ikifika Septemba hewa ni kavu hata midomo inapasuka. Mbao inayaishi majira hayo yote: wakati wa mvua inavuta unyevu na kutanuka, kiangazi inautoa na kusinyaa. Urefu wake haubadiliki kiasi cha kukusumbua, ila upana unabadilika. Benchi la sentimita 60 linaweza kupungua upana kwa milimita kadhaa kati ya Machi na Oktoba, na kama kingo zimekazwa kwa misumari zisipate pa kwenda, mbao zinabinuka au zinapasuka.

Kwa hiyo usinyooshe benchi katikati ya masika, wala mwishoni kabisa mwa kiangazi. Mimi nashauri Juni au Julai. Mvua imekwisha muda wa kutosha, mbao imetulia, na ukame mkali bado. Ukinyoosha wakati huo, mabadiliko ya pande zote mbili yanagawana, na uso wako hautoki sana nje ya mstari mwezi wowote wa mwaka.

Benchi jipya lililotengenezwa kwa mbao mbichi usiliguse. Liache lipite masika moja na kiangazi kimoja, ulitumie hivyo hivyo lilivyo. Ukilipiga randa leo, Oktoba utalipiga tena, na kila mara unapoteza unene ambao haurudi.

Chungulia chini

Hapa ndipo wengi wanapopitiliza. Wanaona bonde juu, wanashika randa. Lakini uso wa benchi unafuata kile kinachoubeba, na mara nyingi ubaya wa benchi za mtaani umeanzia chini.

Anza na sakafu. Shika pembe moja ya benchi kwa mkono, uisukume chini na kuiinua. Ikicheza, mguu mmoja haugusi ardhi, na uso mzima umesokota kufuata sakafu. Kwenye sakafu ya udongo weka tofali la kuchoma au jiwe bapa chini ya kila mguu, upige kabari za mbao ngumu mpaka miguu yote minne ikae bila kucheza. Fanya hivyo pale pale benchi litakapofanyia kazi. Ukilinyoosha uani kwenye mwanga kisha ukalirudisha ndani kwenye sakafu nyingine, umefanya kazi bure.

Kisha jilaze chini utazame mbao za kukingama zinazobeba uso. Tafuta nafasi kati ya ubao wa juu na ule wa kukingama. Ubao ulioinuka kutoka kwenye kikingamo kwa sababu msumari umelegea hauhitaji randa, unahitaji kukazwa. Ondoa msumari, tia skrubu nene kutoka chini kwenda juu, na tundu lililo kwenye kikingamo lirefushe kidogo kwa keekee kufuata upana wa benchi, ili ubao upate nafasi ya kusinyaa na kutanuka bila kupasuka. Skrubu moja ya katikati ndiyo ibaki kwenye tundu la duara. Kama kikingamo chenyewe kimeliwa na mchwa au kimepinda, kibadilishe sasa.

Angalia pia vichwa vya mbao, pale unapoziona pete za mti. Ubao unapokauka pete hizo hutaka kunyooka, kwa hiyo upande uliokuwa unatazama gome unaingia ndani na upande wa moyo unatoka nje kama mgongo. Ukiona upande wa gome wa ubao umetazama juu, tarajia bonde katikati yake. Ukiwa upande wa moyo, tarajia mwinuko. Sasa umejua tabia ya kila ubao kabla hujapima chochote.

Pima na unene. Uso wenye unene wa inchi 2 unavumilia kupunguzwa milimita 3 au 4 bila shida. Kama tofauti kati ya sehemu ya juu kabisa na ya chini kabisa inazidi milimita 6 hivi, randa si dawa: fungua mbao, uzipange upya kwa kuweka vipande vyembamba vya kuinulia juu ya vikingamo, ndipo urudi kwenye randa. Na kama uso wako ni mbao za inchi moja, usipoteze nguvu. Nunua mbao nene.

Misumari, gundi na mchanga

Msumari mmoja uliojificha utaharibu makali uliyoyanoa asubuhi nzima. Ng'oa yote unayoweza. Ile iliyokatika au isiyong'oka, izamishe kwa chuma butu na nyundo mpaka iwe chini ya uso kwa milimita 5 au zaidi. Vipande vya misumari vilivyozama ndani ya mbao havionekani kwa macho. Chukua sumaku ya spika ya redio iliyokufa, ifunge kwa uzi, uipitishe polepole juu ya benchi lote. Inapovutwa, weka alama ya chaki na uchimbe.

Matundu yaliyobaki yazibe kwa vijiti vya mbao ya aina ile ile vilivyopakwa gundi. Usitumie mchanganyiko wa gundi na unga wa mbao kwenye tundu kubwa, randa itauchomoa. Gundi kavu ikwangue kwa patasi ya zamani. Malizia kwa brashi ya waya, maana mchanga ulioingia kwenye nyufa ni adui wa kisu sawa na msumari.

Jambo moja la kukumbuka kabla hujaenda mbele: jiriwa. Uso ukishuka milimita 3, meno ya chuma ya jiriwa yatajitokeza juu na kugonga randa. Ilegeze sasa, weka kipande cha ubao kati yake na sehemu ya chini ya benchi ili ishuke, kisha ikaze tena.

Kupima

Pimamaji iache kwanza, usiitumie. Pimamaji inakuambia kama kitu kimelala sawa na maji, haikuambii kama kimenyooka. Benchi linaweza kuwa na bonde la milimita 5 na kipovu kikakaa katikati kabisa. Kwa upande mwingine, benchi lililoinama kidogo kuelekea ukutani lakini lenye uso ulionyooka litakufanyia kazi nzuri maisha yako yote. Tunachotafuta ni unyoofu.

Unahitaji rula ndefu ya kuaminika, mita moja na nusu au zaidi. Ile ya aluminiamu ya waashi inafaa kama haijagongwa. Usiiamini kabla hujaijaribu: iweke juu ya ubao mpana, piga mstari mwembamba wa penseli kwa kufuata ukingo wake, kisha ipindue upande wa pili, ncha zikae pale pale, upige mstari mwingine. Mistari ikilaliana, rula ni nzima. Ikiacha nafasi katikati, kosa la rula ni nusu ya nafasi hiyo. Rula ya ubao mkavu wa mninga unaweza kuitengeneza mwenyewe na kuirekebisha kwa jaribio hilo hilo, lakini itabidi uijaribu tena kila majira yanapobadilika.

Ukikosa rula ndefu, tumia uzi wa mwashi. Kata vipande vitatu vya mbao vyenye unene mmoja kabisa. Viwili viweke kwenye ncha mbili za benchi, uvute uzi juu yake mpaka uimbe ukiugusa. Kipande cha tatu kipitishe chini ya uzi kutoka ncha hadi ncha. Kinapouinua uzi, hapo pana mwinuko. Kinapopita bila kuugusa, hapo pana bonde.

Cha pili ni fito mbili za kuonea msokoto. Chukua ubao mkavu, kata vipande viwili vya urefu wa sentimita 90, upana sentimita 5, unene sentimita 2. Vibane pamoja uvipige randa kwa wakati mmoja ili upana wao ulingane kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukingo wa juu wa mmoja upake chaki nyeupe. Weka ufito mweupe kukingama ncha ya mbali ya benchi, na mwingine ncha ya karibu. Piga magoti hatua mbili nyuma, funga jicho moja, shusha kichwa mpaka ukingo wa ufito wa karibu ukaribie kuufunika ule mweupe. Weupe ukionekana sawa pande zote, benchi halikusokota. Ukionekana kulia tu, basi pembe ya mbali ya kulia iko juu, na mwenzake wa mshazari, pembe ya karibu ya kushoto, yuko juu pia. Kwa kuwa fito zimepita upana wa benchi kwa nusu yake, kosa linaonekana kubwa kuliko lilivyo, na hiyo ndiyo faida yake.

Sasa chora ramani. Weka rula kwa urefu kwenye ukingo wa mbele, katikati, na ukingo wa nyuma. Kisha kwa upana kila sentimita 30. Kisha mishazari yote miwili. Kila unapoona mwanga chini ya rula, ingiza kitu unachokijua unene wake: karatasi ya daftari iliyokunjwa, au kadi ya benki, ambayo ina milimita 0.8 hivi. Andika namba hapo hapo juu ya mbao kwa penseli. Kwenye miinuko piga mistari ya kukatana. Ukimaliza, benchi litakuwa limejaa maandishi na utajua kazi iko wapi. Mara nyingi utakuta si benchi zima: ni pembe mbili na ubao mmoja.

Kunyooka kwa kiasi gani kunatosha? Kwa vitanda, madawati na milango ya kawaida, kadi ya benki isipopenya popote chini ya rula, umefika. Kwa anayepiga randa mbao nyembamba au anayeunganisha mbao kwa gundi ubavu kwa ubavu, lenga unene wa karatasi tatu za daftari. Zaidi ya hapo ni kujitesa, maana Oktoba itabadilisha hesabu hata hivyo.

Tena si kila sehemu ina haki sawa. Nusu ya mbele ya benchi, kuanzia kwenye jiriwa na kuendelea mita moja na nusu, ndiyo inayolaliwa na kazi. Hapo uwe mkali. Nusu ya nyuma inayokaa nyundo na kikombe cha chai inaweza kuwa chini kidogo, ila isiwe juu kamwe. Na shimo dogo la ukubwa wa kiganja lililochimbwa na patasi liache, kwa sababu ubao utavuka juu yake bila kuzama. Bonde pana ndilo linalokuharibia.

Makali

Mninga unasamehe kisu butu kidogo, mkora hausamehi. Kama huna jiwe zuri la kunolea, gundisha msasa wa maji juu ya kipande cha kioo kinene: anza na namba 220, nenda 400, kisha 800, malizia 1200. Shika pembe ya digrii 25 hadi 30, na kwa mbao ngumu sana ukaribie 30. Noa mpaka uguse upande wa nyuma na kuhisi ukwaru mwembamba umegeukia huko kwa upana wote wa kisu, ndipo ulaze mgongo wa kisu bapa kabisa juu ya msasa laini kuuondoa. Jaribu kwenye kichwa cha ubao wa paini. Kikikata na kuacha uso unaong'aa, kimeiva. Kikiacha unga na nyuzi zilizolala, rudi kwenye kioo.

Pembe mbili za kisu zizungushe kidogo ili zisiache ngazi kwenye mbao. Mwenye randa mbili na akinoe kisu kimoja kiwe na upinde, pembe zikirudi nyuma karibu milimita 1, kwa ajili ya kazi nzito. Kingine kiwe karibu kunyooka kwa kumalizia.

Kagua na uso wa chini wa randa yenyewe kwa rula. Randa yenye mgongo haiwezi kunyoosha chochote. Isugue juu ya msasa uliogundishwa kwenye kioo, kisu kikiwa ndani yake lakini kimerudishwa juu kisiguse. Halafu paka nta. Tabora nta ya nyuki ipo tele, lakini peke yake inanata. Mshumaa wa kawaida unateleza vizuri zaidi. Chora mistari miwili mitatu ya mshumaa chini ya randa kila inapoanza kuwa nzito, na utashangaa mabega yanavyopumzika.

Kupiga randa

Vaa barakoa. Vumbi la mninga huwasha pua na huwaletea wengine pumu. Maranda mazito hayasumbui, ila utakapofika kwenye kukwangua utalihisi.

Kwanza piga ukingo wa nyuma wa benchi uwe na mteremko mdogo, milimita 3 au 4. Randa itakuwa inatokea upande huo, na bila mteremko itaumegua ukingo vipande virefu.

Weka randa ya kazi nzito itoe maranda manene kiasi, usimame mbele ya benchi, upige kukingama, yaani kutoka kwako kwenda ukutani, kukata nyuzi za mbao. Wengi huona ajabu, kwa sababu tumefundishwa kufuata nyuzi. Lakini kukingama kuna faida mbili. Kisu kinakula kingi kwa nguvu kidogo, na ubao wenye nyuzi zinazogeuka, kama ilivyo mara nyingi kwa mvule na baadhi ya mininga, hauchaniki kwa kina. Uso utakuwa na manyoya. Usijali, yataondoka.

Piga penye mistari ya miinuko tu. Hili nalisisitiza kwa sababu mkono unataka kwenda kila mahali. Benchi lenye mgongo katikati: piga katikati, kingo usiziguse. Benchi lenye bonde katikati: piga kingo mbili, katikati usiiguse. Benchi lililosokota: anzia pembe iliyo juu, punguza kidogo kidogo ukielekea katikati, kisha nenda pembe ya mshazari wake ufanye vile vile. Pembe mbili za chini ziache kabisa mpaka fito zikubaliane. Ondoa msokoto kabla ya kitu kingine chochote, kwani ukishughulikia mabonde kwanza utayarudia.

Kila ukipitisha randa mara kadhaa, fagia na uweke rula. Chukua chaki ya rangi, paka kwenye ukingo wa rula ya mbao, uisugue kidogo juu ya benchi: inapoacha rangi ndipo palipo juu. Chaki ni mwaminifu kuliko macho, hasa jioni.

Miinuko mikubwa ikiisha, piga mistari ya penseli ya miraba juu ya uso mzima. Sasa pitisha randa kwa mshazari, kutoka ncha ya kushoto mpaka ya kulia, kila pigo likilalia nusu ya pigo lililotangulia. Kisha rudi kwa mshazari wa upande wa pili. Mistari iliyofutika ilikuwa juu, iliyobaki iko chini. Chora tena, piga tena. Mishazari hii miwili ndiyo inayosawazisha mbao tofauti zikawa uso mmoja, na ndiyo hatua ambayo fundi mwenye haraka huiruka.

Ikibaki mistari michache iliyotawanyika, badilisha randa. Tumia ndefu kuliko zote ulizo nazo. Randa fupi inashuka ndani ya bonde na kupanda mwinuko, ikiufuata uso kama mtumbwi juu ya mawimbi, wakati ndefu inavuka juu ya bonde na kukata miinuko tu. Punguza kisu kitoe maranda membamba, na sasa fuata nyuzi, kwa urefu wa benchi, ukitembea nayo.

Mwanzo wa pigo, kandamiza mkono wa mbele. Katikati, mikono yote sawa. Mwisho, kandamiza mkono wa nyuma na uuache wa mbele uelee. Usipofanya hivyo ncha za benchi zitalika na utajikuta umetengeneza mgongo. Njia nzuri ya kujilinda ni hii: piga mapigo kadhaa yanayoanzia sentimita 10 ndani na kuishia sentimita 10 kabla ya mwisho, mpaka randa iache kukata yenyewe. Hapo katikati imeshuka kiasi cha unywele. Kisha piga mapigo kamili kutoka ncha hadi ncha. Maranda yatatoka vipande vipande mwanzoni, halafu marefu, halafu siku yako itakuwa njema: uzi mmoja wa randa kutoka mwanzo wa benchi mpaka mwisho, kwenye kila mstari unaopita. Weka fito na rula kwa mara ya mwisho.

Mahali nyuzi zinapogeuka na kuchanika, usipambane. Sogeza bamba linalofunika kisu karibu kabisa na makali, nusu milimita hivi, upunguze kina, na upige kutoka upande wa pili. Ikishindikana, tumia kipande cha msumeno wa zamani kilichokatwa mstatili: ukingo wake unyooshe kwa tupa, uusugue kwa nguvu na chuma kigumu chenye uso laini kama mgongo wa patasi mpaka ugeuze kijino, kisha ukwangue ukikiinamisha mbele. Kinafanya kazi kwenye nyuzi mbaya kuliko randa yoyote.

Kuhusu randa ya umeme na mashine

Randa ya umeme inafaa kwa hatua ya kwanza tu, kushusha miinuko mikubwa. Mdomo wake ni mwembamba kuliko benchi, hivyo huacha ngazi, na uso wake mfupi huufuata ubaya uliopo. Grenda yenye msasa usiilete kabisa. Inachimba sehemu laini na kuacha ngumu, na chembe za msasa zinazobaki ndani ya mbao zitakula makali yako baadaye.

Kama mbao zako zinafunguka, kuna njia ambayo wapenda randa hawaipendi lakini ni ya busara: zing'oe, zipeleke mashineni zikapigwe unene mmoja, uzirudishe juu ya fremu iliyonyooka. Mwenye mashine atakuuliza kama misumari imeisha, na ni haki yake. Ila ujue mashine ya unene haiondoi msokoto wa ubao. Roli zake zinaubonyeza uwe bapa, ukitoka upande wa pili unarudi ulivyokuwa. Uso mmoja lazima unyooshwe kwanza, kwa mkono au kwa mashine ya kunyooshea, ndipo wa pili ufuate. Na ukishazifunga tena, randa ndefu bado itahitajika kulinganisha maungio.

Kumalizia

Rudia ukingo wa mbele wa benchi uwe mraba na uso mpya, maana mbao hubanwa hapo. Kingo zote zipunguze ukali kwa pigo moja la randa zisimeguke. Usipige msasa uso wa juu; uso uliotoka kwenye randa unashika kazi vizuri, nao msasa huacha chembe.

Vanishi hapana. Inateleza, inapasuka kwa nyundo, na gundi ikimwagika inabanduka nayo vipande. Paka mafuta ya linsidi, mkono mwembamba, subiri dakika 20, futa yote yaliyobaki juu. Rudia kesho yake. Paka na upande wa chini pia, hata kama hakuna atakayeuona: uso unaokunywa unyevu upande mmoja tu hupinda tena upesi.

Matambara uliyofutia usiyakunje ukayatupa kwenye rundo la maranda. Mafuta ya linsidi yanapokauka hutoa joto, na tambara lililokunjwa linaweza kujiwasha lenyewe bila kiberiti. Kwenye kibanda cha mbao mwezi wa Agosti hilo si jambo la kubahatisha. Yatandaze nje juani moja moja mpaka yakauke na kukakamaa, au yaloweke kwenye ndoo ya maji.

Mvua za kwanza zikishapita wiki kadhaa, weka fito tena na ukaze kabari za miguu, kwa sababu sakafu ya udongo hushuka inapolowa. Skrubu za chini zikague wakati huo huo. Pembe ikionekana imepanda kidogo, usishike randa; andika tarehe na kipimo kwa penseli upande wa chini wa benchi, usubiri Juni uone kama imerudi yenyewe.